Baiskeli ya milimani kwa mfuko wa kawaida: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naishi Arusha. Jumamosi asubuhi huwa natoka na baiskeli kupanda njia za migombani kuelekea Meru, au nashuka upande wa Tengeru kupitia mashamba ya kahawa. Si mwanamichezo, tumbo langu linatosha kuwa shahidi. Lakini kwa miaka kadhaa watu wamekuwa wakinisimamisha njiani na kunipigia simu kuniuliza mambo yaleyale. Nimeyaandika hapa ili nipumzike kidogo.

Kwani lazima iwe baiskeli ya milimani? Phoenix ya baba haiwezi?

Inaweza. Phoenix imebeba mkaa, mikungu ya ndizi na wagonjwa kwenye njia ambazo wengi wetu tungeogopa kuzipita kwa miguu. Kama unayo na unataka tu kuzunguka mtaani, panda hiyo hiyo.

Kupanda mlima siyo tatizo lake kubwa, kwa sababu ukishindwa unashuka na kuisukuma. Tatizo liko kwenye kushuka. Breki zake za fito zinabana ringi ya chuma, na ringi ya chuma ikilowa umande tu breki inakuwa kama mapambo. Tairi lake ni jembamba, na udongo wetu wa volkano kiangazi huwa tifutifu kama unga wa sembe. Tairi jembamba linazama, usukani unakata kona bila idhini yako. Kwa njia za namna hiyo, tairi pana, breki za kueleweka na gia nyepesi ni mahitaji, si anasa.

Nina laki tatu. Ninunue mpya ya dukani au mtumba?

Mtumba. Nasema hivyo nikijua kuna watakaonuna.

Baiskeli mpya ya gia ya bei hiyo huwa inang'aa sana. Ina springi mbele, springi katikati, stika za moto pembeni na gia 21. Inyanyue kwa mkono mmoja utajua habari yake: nzito kama gunia, kwa sababu kila kitu ni chuma cha kukunja, na palipotakiwa chuma imara pamewekwa plastiki. Yangu ya kwanza ilikuwa ya aina hiyo. Wiki ya tatu ekseli ya nyuma ilipinda, wiki ya tano pedali ya kushoto ikang'oka na nyuzi zake za skrubu. Fundi aliigeuza-geuza, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Kaka, hii waliitengeneza iuzwe, hawakuitengeneza ipandwe."

Kwa pesa ileile, kwenye vijiwe vya mtumba unapata baiskeli iliyoshuka na kontena kutoka Ulaya au Japani, ambayo ikiwa mpya ingekula mishahara yako ya miezi. Ninazozitafuta mimi ni zile za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000: fremu ya chuma chepesi au alumini, foko (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) ngumu isiyo na springi au yenye springi fupi, magurudumu ya inchi 26. Hazina umaridadi. Lakini kila kipande chake kinafunguka kwa spana, na vipuri vyake vingi vinapatikana hapahapa.

Kwa bei nilizozikuta mimi, laki mbili na nusu hadi laki nne zinatosha kwa baiskeli nzuri, ukiwa mvumilivu na ukijua kupatana. Usiitumie laki tatu yote siku hiyo. Acha kama elfu hamsini hivi ya tairi, waya za breki na kazi ya fundi, maana mtumba haujawahi kuja kamili.

Na jina lisikupumbaze. Trek, Giant, Scott, Specialized, Merida ni kampuni za kweli zenye baiskeli nzuri, ila stika inabandikwa na yeyote mwenye mikono. Tazama vipuri, si maandishi.

Shokapu mbele na nyuma si ndiyo bora zaidi?

Ya nyuma, kwa bajeti hii, hapana kabisa. Shokapu nzuri ya nyuma ni mtambo wenye beringi na mafuta yake, na peke yake ingeweza kuzidi bei ya baiskeli yako nzima. Ile ya bei poa ni springi tu: kila ukikanyaga pedali, sehemu ya nguvu zako inaishia kuidundisha springi badala ya kukupeleka mbele. Ukiona fremu yenye umbo la herufi Y na springi nyekundu katikati, mwamkie muuzaji upite zako.

Ya mbele inajadilika. Kwa njia za kawaida, foko inayobonyea milimita 80 hadi 100 inatosha na kubaki. Ipime hivi: bana breki ya mbele, kisha lalia usukani kwa uzito wako. Inatakiwa ishuke taratibu na irudi bila kurusha mikono yako. Ikigoma kushuka imeshika kutu ndani. Ikiruka kama godoro la zamani, imekufa. Halafu, breki ukiwa bado umeibana, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia inacheza "tok, tok" kwenye miguu ya foko, imekwisha kulika.

Foko ngumu iliyo nzima ni bora kuliko foko ya springi iliyokufa. Ni nyepesi kwa zaidi ya kilo moja, na haina cha kuharibika. Mtikisiko utaupunguza kwa tairi pana na upepo wa kiasi.

Inchi 26, 27.5 au 29?

Gurudumu kubwa hupita juu ya mawe na mizizi kwa urahisi zaidi, hilo ni kweli, na ndiyo maana baiskeli mpya za milimani za kampuni kubwa karibu zote siku hizi ni 29 au 27.5. Lakini mimi na wewe tunanunua kwa kuangalia pia siku tairi litakapochanika. Tyubu na tairi la 26 utalipata Arusha, Babati, Lushoto, hata kwenye duka linalouza na sukari. La 29 utaagiza. Kwa hiyo 26, isipokuwa wewe ni mrefu sana au umeangukia bahati ya pekee.

Kuna mtego mmoja. Si kila 26 ni sawa. Soma ubavuni mwa tairi. Tairi la milimani huandikwa kwa nukta, mfano 26 x 2.1, na ringi yake ina kipenyo cha milimita 559. Kuna baiskeli za mjini zinazoandikwa kwa sehemu, 26 x 1 3/8, na ringi zake ni milimita 590. Haziingiliani hata kwa nyundo. Nimemwona mtu akilalamika na tairi jipya mkononi akiamini fundi hana nguvu za kutosha. Namba ya milimita mara nyingi imeandikwa palepale kwa maandishi madogo, kwa mfano 54-559. Hiyo ndiyo ya kuamini.

Nitajuaje kama saizi yangu ni hiyo?

Simama katikati ya baiskeli ukiwa umevaa viatu. Bomba la juu lisikuguse, na ibaki nafasi ya vidole vinne hivi. Kisha panda kitini mtu akushikilie, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Hapo kiti kiko sawa. Mwisho shika usukani. Viwiko vikunjike kidogo. Ukijiona umejinyoosha kama unafikia kitu juu ya kabati, fremu ni ndefu kwako.

Kwa makadirio, mwenye urefu wa sentimita 165 hadi 178 hufaa fremu ya inchi 17 au 18, aliye chini ya hapo 15 au 16, aliye juu 19 na kuendelea. Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua ndogo. Kiti kinapandishwa, fremu haipunguzwi.

Akina dada nao huniuliza kama kuna baiskeli yao maalumu. Fremu ya bomba lililoshuka ni rahisi kupanda ukiwa umevaa sketi, basi. Kinachowaumiza wengi ni kiti chembamba kilichotengenezwa kwa mtu mwingine, na kiti kinabadilishwa kwa pesa kidogo.

Breki za diski ni za lazima?

Si za lazima. Breki za V, zile za mikono miwili inayobana ringi ya alumini kwa mpira, zikiwa na mpira mpya na waya mpya zinasimamisha vizuri, na kila fundi anazijua. Kasoro yake ni matope. Masika, udongo ukichanganyika na maji unakuwa msasa unaokula mpira na ringi pamoja. Kwa hiyo pitisha kidole ubavuni mwa ringi: ikiwa imebonyea kama kijiko, imeliwa, na siku moja itapasuka. Usiichukue, au punguza bei ya gurudumu zima.

Diski za waya ni nzuri kama hazijapinda. Diski za mafuta ni tamu kuliko zote, unabana kwa kidole kimoja. Lakini uliza kwanza mtaani kwako nani anaweza kuzitoa hewa, na kwa mafuta gani. Za Shimano, kampuni ya Japani ya vipuri vya baiskeli, zinatumia mafuta ya madini. Kuna nyingine zinazotumia mafuta ya breki ya aina ya gari. Ukikosea, mipira ya ndani inavimba na breki inakufa.

Na kabla hujashuka mteremko wowote kwa baiskeli ya mtumba, jua mkono upi unabana gurudumu lipi. Zilizotoka Uingereza na Japani kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia. Za Marekani na Ujerumani iko kushoto. Niligundua hilo nikiwa hewani, juu ya usukani, nikielekea kwenye mgomba.

Gia 21 au 27? Nyingi si ndiyo nguvu zaidi?

Idadi ni ya kuuzia. Nguvu ya kupandia haitokani na idadi, inatokana na meno. Hesabu meno ya duara dogo kabisa la mbele na ya duara kubwa kabisa la nyuma. Ukikuta mbele 22 na nyuma 34, kila mzunguko mmoja wa pedali unasogea kama mita 1.3 kwa gurudumu la 26. Kwa gia hiyo unapanda kuelekea Ilboru huku unapiga soga. Phoenix kwa mzunguko mmoja inataka kwenda kama mita tano, na ndiyo maana inakuvunja magoti.

Vifaa vya Shimano vya milimani vina ngazi. Chini kabisa ni Tourney, kisha Altus, Acera, Alivio, Deore, na juu zaidi SLX, XT na XTR. Kwa matembezi ya wikiendi, kuanzia Acera hadi Deore ni pazuri sana. Deore ya zamani iliyotunzwa naichukua kabla ya Tourney mpya, bila kujiuliza.

Kitu kingine hakionekani haraka: je, meno ya nyuma yamekaa kwenye friwili ya kufungia kwa nyuzi, au ni kaseti, inayochomekwa tu juu ya kitovu cha gurudumu? Friwili inaacha sehemu ndefu ya ekseli bila beringi ya kuishikilia, na ekseli hiyo ndiyo inayopinda kila mara kwa wazito kama mimi. Muulize fundi. Gia 8 au 9 za nyuma mara nyingi ni kaseti. Gia 6 na nyingi za 7 ni friwili.

Nikifika kijiweni, niikague vipi bila kuonekana mgeni?

Nenda na rula ya shule ya sentimita 30 na kitambaa. Salimia vizuri, usikimbilie bei.

Kwanza geuza baiskeli, futa fremu kwa kitambaa, na tazama mahali bomba la chini linapokutana na shingo ya usukani. Rangi iliyojikunja hapo, au uvimbe mdogo chini ya bomba, ni alama kwamba iligonga kitu kwa mbele. Ufa kwenye alumini usikubali kuambiwa "tutachomelea". Hapo agana nao.

Pili, mnyororo. Weka sifuri ya rula katikati ya pini moja, hesabu vipande 20 (pini hadi pini ni kipande kimoja). Mnyororo mzima unasoma sentimita 25.4 juu ya pini. Ukifika 25.5 na ushee, unahitaji mnyororo mpya. Ukikaribia 25.7, na meno ya kaseti yameshakwenda nao, na hiyo ni hoja ya kupatana. Mara ya mwisho nilipotoa rula, mzee muuzaji aliacha kutafuna muwa wake.

"Wewe unapima nini, kijana?"

"Mnyororo, mzee wangu. Umerefuka."

"Mnyororo unarefuka?"

Nikamwonyesha. Akaitazama rula, akamwita mwanawe aje aone naye, kisha akapunguza elfu thelathini bila kuombwa mara ya pili.

Tatu, shika mkono wa pedali uutikise kuelekea fremu na kurudi. Ukicheza, beringi za katikati zimekwisha, au zimelegea tu. Tikisa magurudumu vivyo hivyo. Yanyanyue uyazungushe na usikilize: mlio wa kusaga mchanga ni gololi zilizokauka grisi au zilizolika. Grisi ni ya bei ndogo. Bakuli la gololi lililochimbika si la bei ndogo.

Mwisho panda, uzunguke angalau dakika tano, ukibadilisha gia zote huku unakanyaga kwa nguvu. Mnyororo ukiruka chini ya uzito wako, fundi ana kazi.

Nitajuaje kama si ya wizi?

Geuza baiskeli utafute namba iliyogongwa chini ya fremu, pale pedali zinapopita. Ikiwa imekwaruzwa, acha. Ukinunua kwa mtu binafsi na si kijiweni, andikishianeni hati ya mauziano yenye namba hiyo, majina, na shahidi. Kwa mwenyekiti wa mtaa ni pazuri zaidi. Muuzaji anayekasirika kuambiwa twende kwa mwenyekiti ameshakujibu. Piga picha ya namba uihifadhi, siku moja utaihitaji wewe.

Tairi gani, na upepo kiasi gani?

Upana wa 1.95 hadi 2.2, meno ya mpira ya wastani, mpira usio na nyufa ubavuni. Kama pesa ni ya tairi moja zuri tu, liweke mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza unatabasamu. La mbele likiteleza unakula vumbi.

Mafundi wetu wanapenda kujaza mpaka tairi lilie kama ngoma. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi la 2.1 lenye tyubu, psi (kipimo cha upepo) 30 hadi 35 zinatosha njia za vumbi. Likiwa gumu zaidi linadunda juu ya kila kokoto. Likiwa laini mno, jiwe litabana tyubu kwenye ringi na utakuta matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka.

Halafu miiba. Huku kwetu mbigili na miiba ya migunga ndiyo waziri wa fedha, inajua kukutoza. Maji ya kuziba pancha yakimiminwa ndani ya tyubu husaidia sana, ila yanahitaji valvu inayofunguka kiini. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda valvu nene kama ya gari: unajaza upepo sheli yoyote. Ile nyembamba ya Ulaya inahitaji adapta, kidude kidogo cha shaba kinachopotea siku unapokihitaji. Sheli nako, jaza kwa pumzi fupifupi. Mashine imezoea malori, itaipasua tyubu yako kabla hujasema basi.

Pesa iliyobaki ninunue nini kwanza?

Helmeti. Kisha pampu ndogo, tyubu moja ya akiba, viraka na gundi, spana za L, na vijiti vya plastiki vya kutolea tairi. Bisibisi na vijiko vya mama vinatoboa tyubu unayojaribu kuiokoa. Suruali yenye sponji baadaye, ukishaona kwamba mchezo umekukaa.

Nianzie wapi kuendesha?

Anzia barabara za vumbi zenye watu, si porini. Hapa kwetu mashamba ya kuzunguka Tengeru yana miteremko ya upole, ila kwenye shamba la mtu omba ruhusa getini, na kwenye njia za mguu kina mama wenye mizigo kichwani wana haki ya kwanza. Lushoto, upande wa Magamba, kuna baridi tamu na miinuko ya kukupima. Wa Dar wana vilima vya Pugu. Na kama hujanunua bado na una safari ya Kenya, pita Hell's Gate karibu na Naivasha: ni hifadhi ambayo unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga, na zinakodishwa hapo langoni. Siku moja ya kukodi itakufundisha saizi yako kuliko maelezo yangu yote. Kagua breki kwanza, lakini. Za kukodi nazo zina mambo yake.

Naitunzaje isinirudishe kwa fundi kila wiki?

Usiipeleke ikaoshwe kwa mashine ya kuoshea magari. Maji ya kasi hupenya mpaka kwenye gololi na kufukuza grisi. Ndoo, brashi na sabuni ya unga vinatosha.

Mnyororo usipake oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye bodaboda. Inashika vumbi, na oili yenye vumbi ni msasa. Futa mnyororo kwa kitambaa mpaka uache kukuchafua, tia tone moja la oili safi nyembamba kwa kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume dakika moja, kisha ufute tena mpaka uonekane kama hujapaka kitu. Mke wangu hulalamika juu ya vitambaa. Nimemnunulia vipya.